Mtakatifu Kwenye Usukani

Ko.

Nilikuwa nimefumba macho. Ukitaka kujua gari linaumwa wapi, usilitazame. Macho yanapenda rangi. Masikio hayana upendeleo.

Ko. Kona ya kushoto. Ikaja kona ya kulia, kimya kabisa, kama mtu anayengoja umpe mgongo. Kisha kushoto tena. Ko.

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia," akasema dada yangu Nereida, aliyeshika usukani. "Ni kiburi chako kinagonga mlango."

"Nauliza habari za gari."

"Na mimi nakujibu habari za gari."

Kama wiki iliyopita ulikuwa na shughuli zako, nitakupitisha haraka. Mimi ni Radamés wa Cuesta Vieja, mtaa uliobandikwa ubavuni mwa mlima hapa Puerto Rico. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifundisha kwa kusikiliza redio na kubishana na waliokula chumvi nyingi. Mdomo huu ndio ulioniponza. Kwenye sherehe ya ubatizo, mbele ya watu wote, nilimwimbia Nelo Quiñones, ambaye gari lake lilikuwa limemwaga mafuta kwenye kona ya mfereji:

Gari la Nelo lawika,
lawika na kujitapa;
likifika kona hapa,
yai lake lamwagika.

Watu walicheka mpaka keki ikaanguka. Nelo hakucheka. Alinitolea changamoto palepale: siku ya Mtakatifu Kristoforo, barabara ikifungwa na magari yakipanda mlima moja moja kwa kupimwa muda, atakayeshindwa atapanda jukwaani jioni amsifu mwenzake kwa mistari kumi. Na kwetu, anayedai mistari ndiye anayetoa mstari wa kufungia. Mtunzi atake asitake, lazima atue pale. Nelo akautoa wake:

Nelo ndiye baba yangu.

Niliuhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mizani nane, haikuzidi, haikupungua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ndipo nikamtoa jogoo wangu wa kupigana, nikapewa jozi ya linki. Chini ya gari, mbele, kuna chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale upande kwenye kona. Mafundi wanakiita stabilaiza. Kila ncha yake imeshikwa na kijiti kifupi cha chuma, ndiyo linki. Linki za kawaida zina urefu mmoja mpaka kiama. Hizi zangu unazizungusha katikati, zinarefuka au kufupika upendavyo. Nilipozifunga kwenye Corolla ya marehemu babu, nilijiona nimevaa mbawa.

Na leo ndiyo siku ya Mtakatifu Kristoforo, na mbawa zinasema ko.

Nereida aliegesha kando ya barabara. Yeye anafanya kazi kwenye gereji mjini, na hajawahi kuniacha nisahau.

"Ulizifunga gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki."

"Magurudumu yananing'inia?"

"Yananing'inia."

"Umempima mtu suruali akiwa ananing'inia kwenye tawi, halafu unashangaa akisimama inambana."

"Jana nilirudia. Gari lilikuwa chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye banda la gari, nyumbani."

"Banda ambalo chungwa likianguka linapatikana kwa jirani wa tatu?"

Nikafuta kioo kwa kiganja.

"Na kitini alikaa nani?"

"Bilo."

Alicheka mpaka akaegemea honi. Bilo ni binamu yetu, kijana mpole, lakini Mungu alipokuwa anamgawia mwili alipigiwa simu akasahau kuacha. Akikaa upande mmoja, gari zima linainama kumsikiliza.

"Sikiliza," Nereida akasema, akijifuta machozi. "Linki hufungwa gari likiwa limesimama sehemu iliyo sawa, na uzito wa dereva uwe kitini. Wa dereva, siyo wa Bilo na chakula chake cha mchana. Vinginevyo upande mmoja unavuta chuma, na kila ukikata kona kinalalamika. Twende mahali palipo sawa. Wewe ukae, mimi nifunge. Tunamaliza kabla kahawa haijapoa."

Hapa, msomaji, mtu mwenye akili angesema ndiyo, na mhariri angekosa cha kuchapisha.

"Linki zangu hazifungwi na mtu mwingine," nikasema.

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu nikishinda, nataka niwe nimeshinda mimi."

Alinitazama kama unavyotazama maziwa yaliyochacha. Akachomeka spana yake mfuko wa nyuma wa suruali, akanirushia funguo, akashuka.

"Basi katafute mtu mwingine mwenye uzito wako," akasema, akateremka kwa miguu kuelekea darajani kunakoanzia mashindano.

Katika Cuesta Vieja hata mchuzi unaegemea upande mmoja wa sahani. Mahali palipo sawa ni pawili tu: daraja la chini, ambalo asubuhi ile lilikuwa limejaa magari ya mashindano na macho ya rafiki zake Nelo, na uwanja wa mpira wa kikapu nyuma ya kanisa. Nikaenda kanisani. Bilo nikamkuta njiani anakula, nikampakia.

Uwanja ulikuwa mtupu. Watu wengine wote walikuwa misani mjini, na baada ya misa wangepanda na tarumbeta kuja kumchukua Mtakatifu Kristoforo kwa maandamano. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Ndani, kwenye kiti chake, amevaa joho jipya, alikuwa amekaa mtu mwenye uzito wangu.

Lazima nieleze, usije ukanidhania kichaa. Kristoforo wetu ni wa mti mgumu, ukubwa wa mtu mzima, na aliyemchonga alimpa viungo vinavyokunjika ili kina mama waweze kumvalisha. Hutembezwa amekaa kwenye kiti, Mtoto Yesu begani, fimbo mkononi, wanaume wanne wamembeba. Zamani walimwangusha, na mpaka leo pua yake ni ya mti wa aina nyingine. Tangu siku hiyo wabebaji hufanya mazoezi na kijana hai kitini. Na ili mabega yasidanganywe, kijana lazima awe na uzito uleule wa mtakatifu bila Mtoto na bila fimbo. Vijana tunapangwa foleni kwenye ghala la kahawa, tunavua viatu, tunatoa vitu mifukoni, tunapanda mizani ya magunia.

Mwaka huu aliyelingana naye ni mimi. Wiki kadhaa nimebebwa kupanda na kushuka mlima, nikipungia watu mkono. Nelo ni mbebaji wa mbele, upande wa kulia. Sitasema nilifurahi kiasi gani.

"Bilo," nikasema, "kama mimi nafaa kukaa badala yake, kwa nini yeye asikae badala yangu?"

Bilo aliacha kutafuna. "Yule ni mtakatifu, Rada."

"Mtakatifu wa madereva. Na hajapanda gari hata siku moja. Unaona ni haki?"

"Na Doña Migdalia?"

Doña Migdalia ndiye mtunza funguo za kanisa. Siku ya mtakatifu yeye haendi misani, hubaki kulinda. Nikaangalia huku na huku. Hakuwapo.

"Hayupo," nikasema. "Ni kama ruhusa."

"Na Mtoto je?"

"Mtoto utambeba wewe, mkae pale kivulini. Ukiingia garini unaniharibia hesabu."

Tulimwinua kwa heshima yote. Mtoto alitoka begani kwa kuzungushwa kidogo, Bilo akamlaza mkononi kama mwanawe wa kwanza. Mtakatifu tukamkunja magoti, tukamwingiza nyuma ya usukani, ambao kwetu uko kushoto, tukamfunga mkanda. Mkono wake wa kushoto, uliozoea kushika mguu wa Mtoto, ulikataa kushuka. Ukatokea dirishani umenyooka, kama wa dereva wa teksi anayekuambia pita.

Nilikuwa nimeweka chini ya kila gurudumu ubao, yote minne ya unene mmoja, ili gari likae sawa na mimi nipate pa kupita. Nikajisukuma chini chali.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo sehemu tamu. Linki ya kulia nilikwisha kuifunga. Ya kushoto niliiacha ncha moja huru, nikajaribu kupitisha bolti. Ikagoma. Tundu lilikuwa juu kidogo, upana wa ukucha. Mtu asiye na subira angeligonga kwa nyundo, na huko ndiko ko inakozaliwa. Nililegeza nati mbili za kukazia, nikazungusha kijiti kwa robo mzunguko. Nikajaribu. Bado. Nikazungusha tena. Juu yangu Mtakatifu Kristoforo alikuwa ametulia kitini kwa uzito wangu kamili, wala hakunung'unika kama Bilo, wala hakuomba maji.

Robo nyingine. Bolti ikaingia kwa vidole viwili. Sikuisukuma wala kuigonga. Iliingia kama kina kinavyoingia mwisho wa mstari wakati umekwisha kukata tamaa.

Nikahakikisha viungo vya linki vimetazama sawa, havijapinda shingo. Nikakaza nati. Nikabaki pale chini nikitabasamu peke yangu, nikaanza kutunga mistari ya ushindi.

Ko.

Nikaacha kutunga. Gari lilikuwa limesimama.

Ko. Ko.

Niligeuza kichwa. Nikaona ncha ya mkongojo ambao mpira wake umelika, na pembeni yake viatu viwili vyeusi.

"Kumbe siku hizi uwanja wa kanisa ni gereji," ikasema sauti ya Doña Migdalia.

Mtakatifu hakujibu.

"Nazungumza na wewe uliyetoa mkono dirishani."

Kwetu kijana asiyemwomba baraka mtu mzima huhesabiwa amezaliwa na jiwe. Nikaomba nikiwa kulekule chini.

"Nibariki, Doña."

"Mungu akubariki. Na ungenitazama unapoomba."

"Shingo imekaza, Doña."

"Ndiyo, kwa majivuno. Na hilo duara la dhahabu kichwani umelitoa wapi?"

Nikafumba macho. Taji la utukufu. Tulisahau kumvua.

"Ni la mashindano," nikasema.

Pale kivulini Bilo hakuweza tena. Bilo anaweza kuiba nyama kwenye sufuria inayochemka, lakini uongo kwenye uwanja wa kanisa unampa kwikwi.

"Nibariki, Doña Migdalia," akasema, akapiga kwikwi.

Viatu vikageuka. "Na huyo mtoto ni wa nani?"

"Wa Bikira Maria, Doña."

Nilisikia kifuko cha miwani kikifunguka. Kisha viatu vikarudi kwenye mlango wa gari, vikasimama hapo.

"Radamés," akasema taratibu. "Toka chini."

Nilitoka, mgongo umejaa vumbi, nikiwa nimekwisha kuandaa maneno. Nilipomwona, maneno yakapata kazi nyingine. Nusu ya kichwa cha Doña Migdalia ilikuwa na mawimbi ya fedha yaliyochanwa vizuri. Nusu ya pili ilikuwa bado imevingirishwa kwenye rola za waridi. Nilikitazama kile kichwa. Akanitazama ninavyokitazama.

"Kuna foleni leo saluni?" nikauliza.

"Nyamaza."

"Mlango ulikuwa wazi, Doña. Angeweza kuingia mtu yeyote."

"Ameingia mtu yeyote," akasema.

Tukapimana kwa macho kama majogoo wawili ambao wamiliki wao hawajaamua kuwapambanisha.

"Mimi sikumwona mtu kwenye gari," akasema hatimaye.

"Na mimi sikuona rola."

"Mrudishe."

"Namrudisha."

Nilikuwa nimeshika mkanda wa mtakatifu niufungue, ndipo tarumbeta likalia kwenye kona. Nyuma yake matari, na nyuma ya matari Cuesta Vieja nzima. Tulikuja kusikia baadaye kwamba padre alikuwa na mafua, akafupisha mahubiri, akabaki mjini, akamwachia Doña Migdalia maandamano. Mafua ya mtu mmoja yamewahi kuangusha wafalme.

Nelo alitangulia, shati jeupe, amepaka mafuta nywele. Akapita moja kwa moja ndani ya kanisa na wabebaji wenzake. Akatoka.

"Kiti ni kitupu," akasema.

Kisha akaona ule mkono dirishani. Matari yakanyamaza moja moja.

"Watu wangu," Nelo akasema bila kupandisha sauti, "mnaona wenyewe. Mwaka mzima anatutukana kwa mashairi. Leo amemwiba mtakatifu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anajipepea aliacha. Niliona jukwaa la jioni. Niliona mistari kumi. Niliona kwamba hata nikishinda mbio, hakuna atakayenisikiliza tena mlimani huu.

Ko, ukasema mkongojo.

Doña Migdalia alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa kichwani. Sijui alikifunga saa ngapi.

"Nani amemwiba nani?" akauliza. "Nimemkalisha mimi."

Nelo akageuka kuutazama mlango wa kanisa.

"Mtakatifu wa madereva," akaendelea Doña Migdalia, "na tangu enzi za babu zetu tunambeba mabegani kama mgonjwa wa homa. Tumemwangusha. Tumemvunja pua. Kuna aliyewahi kumwuliza kama anapenda? Mwaka huu anapanda gari."

Mzee mmoja nyuma alivua kofia. "Na wakati wake umefika," akasema.

Tarumbeta likalia. Watu wakapiga makofi, watoto wakaanza kushika ule mkono dirishani na kujibusu vidole. Nilipumua. Nikapungia hata watu mkono, kwa mazoea.

Msomaji, usimshukuru anayekuokoa kabla hajamaliza sentensi.

"Na kwa kuwa ameketi," akasema Doña Migdalia, "desturi ni ileile. Akishaketi hashuki mpaka kengele ya jioni."

Nikamsogelea. "Doña, mbio ni kabla ya kengele ya jioni."

"Najua," akajibu bila kutikisa midomo. "Na mafuta yako yamechafua uwanja wangu."

Nelo alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anacheka tangu lile yai.

"Basi gari limepata dereva," akasema. "Na lisilofika kwenye mstari wa kuanzia limeshindwa. Nenda ukatunge taratibu, mwanangu."

Mwanangu. Aliligusa neno hilo kama mtu anayejaribu kiatu kabla ya kukinunua.

"Litafika," nikasema. Mdomo ulitangulia, kichwa kikaufuata kikihema. "Nitapanda mlima naye. Yeye atakaa kiti cha abiria."

Minong'ono. Kila mtu akamtazama Doña Migdalia. Yeye akamtazama mtakatifu, kama wanaoshauriana.

"Kusogea si kushuka," akasema. "Asogezwe, lakini asiguse ardhi."

Tulimsogeza. Na ule mkono wake usiokunjika, uliokuwa dirishani, sasa ulikuja kunilalia shingoni kama wa rafiki mlevi. Nikawasha gari. Maandamano yakaanza kuteremka nyuma yangu kwa mwendo wa kinyonga, wimbo unapanda, mishumaa inayeyukia vidole. Bilo alitembea ubavuni na Mtoto mikononi, na kina mama walimpa vitumbua njia nzima.

Kona ya kulia, kimya. Moyo ukatulia.

Kona ya kushoto. Wimbo ulikuwa umefika pale watu wanapovuta pumzi.

Ko.

Kila mtu alisikia. Nelo alisikia kuliko wote. Alikata njia ya mkato ya mashamba ya kahawa, akatangulia darajani kwenda kupasha gari lake moto.

Nereida alikuwa amekaa kwenye ukingo wa daraja, anakula alcapurria, kitafunwa chenye nyama kilichokaangwa wakati huo huo, mafuta yanamtiririka kidoleni. Alimtazama mtakatifu. Akautazama mkono shingoni mwangu.

"Nilikuambia utafute mtu mwenye uzito wako," akasema. "Sikusema umwoe."

"Nereida, nilizifunga vizuri. Bolti iliingia kwa vidole viwili. Naapa."

"Nakuamini. Ulizipima kwa mtu mmoja. Sasa mko wawili. Upande wa kulia umeshuka, chuma kinavutwa upya. Utapanda ukipiga kona za kulia kama malaika, na za kushoto kama meza." Akalamba kidole. "Na za kushoto ndizo nyingi."

Nilitaka kujibu, lakini bendera ilishuka na gari la Nelo likaondoka likiunguruma. Tulilisikia likipanda, kona kwa kona, safi, bila kusita. Halikumwaga hata tone. Kisha kipaza sauti kikatangaza muda wake, na mlima ukapiga kelele. Tangu barabara ile iwekwe lami, hakuna aliyewahi kupanda haraka hivyo.

"Radamés Feliciano ajiandae," kikasema kipaza sauti. "Na, eh, abiria wake."

Daraja lilikuwa tupu sasa, na sawa kama meza ya domino. Mbao zangu nne zilikuwa kwenye buti. Vijana wakazipanga mbele ya magurudumu, nikapandisha gari juu yake, nikachukua spana, nikafungua mlango, nikashuka. Mara tu nilipotoka, upande wangu wa gari ukainuka, na mtakatifu akainama kulia kama anayecheka pembeni.

Nikarudi kukaa. Gari likakaa sawa. Nikashuka. Likainuka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtakatifu alikuwa na kiti chake na mimi nina changu, na sikuwa na pacha mwingine wa kukaa badala yangu. Aliye kitini hawezi kuwa chini ya gari.

"Bilo," nikasema.

Bilo akamkabidhi Doña Migdalia yule Mtoto, akapiga magoti, akapima nafasi ya chini ya gari kwa macho, kisha akapima tumbo lake kwa mkono.

"Hata nikitubu leo, Rada," akasema, "haitoshi."

Mwenye bendera alitazama saa. Nikamtazama dada yangu. Spana yake ilikuwa mfuko wake wa nyuma, palepale alipoichomeka asubuhi.

"Sema unachotaka," nikamwambia.

"Nafunga. Lakini jioni, ushinde ushindwe, utapanda jukwaani uimbe mistari kumi. Wa kufungia natoa mimi."

"Utoe."

Hakufikiri hata kidogo. "Dada yangu ndiye fundi."

Niliuhesabu kwenye usukani kwa vidole. Nane. Nikauhesabu tena, nikiomba uwe tisa.

"Nani amekufundisha?" nikauliza.

"Ninalala chumba cha pili kutoka kwa mtu anayetunga kwa sauti. Ningejiziba na nini?"

Kama ningeshindwa, ningeimba mara mbili: mara moja nimsifu baba nisiyemtaka, mara ya pili nimsifu dada niliyemkataa. Kama ningekataa, ningepanda mlima na ko yangu, na baba ningempata bila shaka. Nikainamisha kichwa karibu na dirisha.

"Sawa," nikanong'ona.

"Sijasikia."

"Nimesema sawa."

Nereida akanyoosha mkono kwa mtangazaji, na mtangazaji, ambaye ni mteja wake kwenye gereji, akampa kipaza sauti bila swali. Akakishikilia mbele ya mdomo wangu.

Nelo alikuwa amerudi, amepakiwa nyuma ya pikipiki, amekuja kuona mwisho wangu kwa macho yake. Doña Migdalia alisimama mbele ya gari, Mtoto mkono mmoja, mkongojo mkono wa pili.

"Fikiri vizuri, kijana," akasema. "Ahadi mbele ya mtakatifu haivunjwi. Wa mwisho kuivunja, kahawa yake haikuchanua tena."

Mkono wa Kristoforo ulikuwa mzito shingoni mwangu, mzito kama mimi mwenyewe.

"Mimi, Radamés wa Cuesta Vieja," nikasema, na bonde zima likanirudishia jina langu, "namwahidi dada yangu Nereida, mbele ya mtakatifu huyu na mbele ya Nelo, kwamba nitakaa kitini bila kusogea na bila kusema neno mpaka amalize kufunga. Na jioni hii, nikishinda au nikishindwa, wote mtasikia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba dada yangu ndiye fundi. Sasa ingia chini, Nereida, kabla sijabadili vina."